Asiye na Mjomba

Watu wa kwetu wameanza kuandika koo zao, na hilo ni jambo la kushukuru. Tangu nistaafu kazi ya ualimu nimeletewa miswada mitano ya namna hiyo, mingine madaftari ya mkono, mingine imechapwa kwa kompyuta na kutiwa picha, yote ya familia za wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Huletwa kwangu kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliwahi kuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na baadaye mkuu wa shule, kwa hiyo hudhaniwa kwamba kazi yangu ni nukta na mkato. Ya pili, nimepita miaka sabini, kwa hiyo hudhaniwa kwamba nawajua marehemu wote. Hapa nitauzungumzia mswada mmoja tu, ulioandikwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wenyeji wa kusini wataelewa uzito wa neno hilo. Kwetu mjomba hasomi kazi ya mpwa wake kama mhakiki wa gazeti; mambo yakiharibika, ataulizwa yeye.

Mswada una kurasa 84. Unaanza na babu aliyevuka Mto Ruvuma akitokea upande wa Unangu, Msumbiji, katika nusu ya pili ya karne ya 19, akalima bonde moja ambalo leo limo katika Wilaya ya Ruangwa, akafa kabla ya Vita vya Majimaji. Unaishia kwa vitukuu walioko Dar es Salaam. Lugha yake ni safi, na ziko sura ambazo ningependa kila mwanafunzi wa Mkoa wa Lindi azisome. Sura ya njaa iliyofuata vita ya 1905 hadi 1907 haina pambo hata moja: watu wanachimba mizizi porini, wanakaa kimya, wanazika. Sura ya karanga nayo ni tamu kwa namna yake. Mwandishi hajishughulishi na hasara ya Waingereza, waliouanza mpango ule 1947 na kuuvunja 1951. Anaeleza jinsi vijana wa ukoo walivyokwenda Nachingwea kung'oa visiki wakarudi na baiskeli, na jinsi reli iliyoletwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga ilivyong'olewa miaka ya 1960, hata kata ya Stesheni ikabaki na jina pasipo treni. Huko ndiko kuandika.

Kasoro ya kitabu haimo katika lugha. Imo katika mti wenyewe.

Mpwa wangu amechora mti ambao shina lake ni babu, matawi ni wanawe wa kiume, na vijitawi ni wana wa kiume wa hao. Nilijiuliza mti huu ameutoa wapi, maana wazee waliotulea hawakutuhesabu hivyo. Nikauona asili yake: ni rejista ya shule. Jina, jina la baba, jina la babu. Mimi mwenyewe nimejaza maelfu ya mistari ya namna hiyo. Na kabla ya rejista palikuwa na kodi. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, karani aliandika jina la mwanamume aliyedaiwa rupia. Hakuuliza kibanda kimejengwa katika ardhi ya mama wa nani.

Mkulima wa Ohio au Iowa anayetafuta habari za babu zake wa karne ya 19 ana bahati ambayo sisi hatuna. Sensa ya Marekani ya 1850 iliandika jina la kila mtu huru katika nyumba, mkubwa kwa mdogo. Sheria ya mwaka 1862 ilimgawia mlowezi ekari 160, na kila aliyeomba akaacha jalada lake serikalini. Mjukuu anaweza kuketi leo na kumfuata babu yake toka shamba hadi shamba. Lakini sensa hiyohiyo ya 1850, na ile ya 1860, katika majimbo ya kusini iliwaandika watumwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi tu, aghalabu bila majina. Mwaka 1870 ndipo wengi wao walipotajwa. Kwa hiyo hata penye karatasi nyingi, karatasi ni shahidi wa yule aliyeagiza iandikwe. Sisi wenye karatasi chache tuna sababu kubwa zaidi ya kuiuliza kila moja: nani alikutuma?

Majina nayo yana mtego wake. Zamani kijana wa Kiyao au wa Kimakua aliliacha jandoni jina lake la utotoni akatoka na jingine. Baadaye akaongezewa la Kiislamu au la ubatizo. Mpwa wangu ana mtu mmoja ukurasa wa 21 na mwingine ukurasa wa 33, wote wawili waliumwa na chui mguu wa kushoto, wote walioa upande wa Mnero. Ni mtu mmoja. Kosa dogo, naye ameahidi kulisahihisha.

Kubwa ni hili. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, wote walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamume alipooa alihamia kwa wakwe, na watoto wake walikuwa wa mama yao na wa kaka wa mama yao. Wayao huita mbumba kundi lile la akina dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka mkubwa. Wamakua wana nihimo, ambayo mtu huipata kwa mama. Kwa desturi hiyo mti wa ukoo wetu hauanzi na babu. Unaanza na dada zake. Mpwa wangu analijua hilo, maana yeye mwenyewe yumo ukooni kupitia mama yake, kama nilivyomo mimi kupitia mama yangu. Ndiyo sababu ukurasa wa 40 mti unaruka ghafla kutoka kwa mtoto wa kiume wa babu hadi kwa mtoto wa dada yake babu, bila maelezo. Kanuni inawafuata wanaume mpaka inapomfikia mwandishi. Hapo inapinda ili apate kupita.

Nikaamua kuusoma mswada upya kwa swali moja tu: kila anayetajwa, mjomba wake ni nani? Nikagundua kwamba karibu kila mtu wa vizazi vya kwanza ana mjomba, hata kama mwandishi hakukusudia kumtaja. Mjomba alipokea mahari, mjomba alikwenda kudai fidia ya chui, mjomba alizika. Isipokuwa watu wanne. Hao ni ndugu, watoto wa mama mmoja, na mama huyo hana jina wala kaka wala kijiji. Uzao wao mswada unauita “nyumba ya nne”, na unasema hivi: ni wageni waliokaribishwa na babu.

Msomaji wa kwetu aliyefika miaka yangu hahitaji kuelezwa zaidi, lakini vijana wanahitaji. Misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilipita katika nchi hizi ikiwa na pembe na watu. Soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, lakini bara watu waliendelea kuchukuliwa na kubadilishwa. Sasa fikiri mambo ya mwanamume aliyeishi katika ukoo wa kike. Watoto aliowazaa na mke huru ni wa wajomba zao. Siku yoyote wanaweza kuitwa kwao. Akitaka watoto wa kubaki naye, anaoa mwanamke ambaye hana kaka wa kuja kuwadai. Clyde Mitchell na Edward Alpers wameeleza jambo hili katika maandiko yao juu ya Wayao. Wazee wetu hawakuhitaji kulisoma.

Basi tazama jinsi mswada unavyojifunga wenyewe. Ikiwa ukoo unahesabiwa kwa baba, kama mti ule unavyodai, hakuna walio karibu na shina kuliko nyumba ya nne: hao ndio watoto waliobaki kwa babu, wakamlimia, wakamzika. Ikiwa unahesabiwa kwa mama, basi hawakuwa wageni pia, maana mgeni ana kwao na huweza kurudi. Mama yao hakukaribishwa. Alichukuliwa. Kwa kanuni yoyote utakayoishika, neno “wageni” halina mahali pa kukaa.

Ningeweza kuishia hapo kama suala lingekuwa la vitabu tu. Lakini ukoo wetu una mikorosho katika mahame, kule tulikohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Nyumba ya nne ndiyo iliyoendelea kwenda kupalilia mikorosho ile miaka ambayo bei ilikuwa mbaya na wengine tulikaa mjini. Leo vijiji vinatoa hati za hakimiliki za kimila, na tangu kinywe kianze kutafutwa Ruangwa kila mtu anajua maana ya neno fidia. Nimeambiwa kwamba kitabu kikishachapwa, nakala moja itapelekwa kwenye serikali ya kijiji kama ushahidi. Mama mmoja wa nyumba hiyo, ambaye nilimfundisha darasa la tano, alinifuata baada ya mazishi akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, hivi sisi mjomba wetu ni nani?” Hakuwa anauliza historia.

Nimejaribu kuwatafutia wenzetu mifano. Kasisi Yohanna Abdallah, Myao wa Unangu, aliandika Chiikala cha Wayao, kikachapwa Zomba mwaka 1919 kwa Kiyao na Kiingereza. Ni kitabu cha kuheshimiwa, na uzuri wake mmoja ni kwamba hakifichi jinsi wakubwa walivyokua kwa biashara ya pwani, pamoja na biashara ya watu. Upungufu wake ni kwamba kinatazama nchi kutoka barazani kwa wakubwa. Wanawake na wakulima wanapita mbali. Mwaka 1976 Mmarekani Alex Haley alitoa Roots. Waandishi wa magazeti na wachunguzi wa nasaba walikuja kuonyesha kwamba mambo mengi aliyoyaita ushahidi hayakusimama, na hukumu yao ni ya haki. Hata hivyo Haley alianzia mahali ambapo vitabu vyetu vya koo havijathubutu kuanzia: kwa aliyeuzwa. Sisi sote tunaanza na aliyefika, aliyefyeka, aliyetawala. Ukisoma miswada yote mitano utadhani kusini nzima ilizaliwa na machifu.

Ukurasa wa kwanza wa mswada umetiwa methali: Mkataa kwao mtumwa. Nimeipigia mstari mwekundu. Methali hiyo ni nzuri kwa kijana anayeona haya kusema kijiji chake. Mbele ya kitabu hiki ni dhuluma, kwa maana yuko mwanamke ndani yake ambaye hakukataa kwao, alinyang'anywa. Anayekataa ni kitabu.

Wako wazee walioniambia niache kufukua makaburi. Nawajibu kwamba kaburi hili halijafukiwa. Watani hulitaja kwenye kila msiba, watu wakacheka wakitazama chini. Kijiji kizima kinajua, ila kitabu tu. Wengine wanahofia aibu ya nyumba ya nne, na hofu hiyo naiheshimu. Jina la aibu lisiwekwe juu ya mtu aliye hai bila ridhaa yake. Lakini aibu ni ya nani? Wajerumani walitangaza kwamba wanaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Mwaka 1922 sheria ikauondoa utumwa katika Tanganyika yote. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyebaki na deni. Deni ni la wale ambao babu yao alitoa nguo na baruti akapokea mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba mswada huu usichapwe kama ulivyo. Mti uchorwe upya kuanzia kwa akina dada. Yule mama aandikwe kama mke wa babu, aliyetengwa na ndugu zake kwa nguvu, na watoto wake wanne waandikwe kwa majina yao yote, ya jando na ya baadaye. Neno “wageni” lifutwe. Na kabla ya hayo, wanawake wazee wa nyumba ya nne, ambao hawamo miongoni mwa watu 26 walioshukuriwa kwa kuhojiwa, wasikilizwe kwanza, nao ndio waseme kiasi gani kitiwe chapani.

Mpwa wangu hajanijibu. Nasikia malipo ya kwanza yameshapelekwa kwa mchapaji. Aliniomba dibaji, nimemwandikia kwamba ataipata siku nyumba ya nne itakapokuwa imesikilizwa. Mjomba haandiki kitabu cha mpwa wake, lakini jina lake ni mali yake. Na katika harusi ya binti wa nyumba ile, palipoulizwa wajomba wako wapi, nilikwenda nikaketi kwenye mkeka wao, nikapokea kilichopokelewa na wajomba. Wengine wa ukoo waliniona. Kitabu kikitoka kabla ya mambo hayo kutengenezwa, wasomaji wajue kwamba dibaji yangu haikusahauliwa.