Mlango wa biti 32: Linux kwenye kishikwambi cha Bay Trail

Ukichukua kishikwambi cha Windows cha mwaka 2014, ukakichomekea flashi yenye Linux na kukiwasha, mara nyingi hakuna kinachotokea. Flashi haionekani. Wengi huishia hapo wakiamini mashine imezeeka, na hapo ndipo vifaa vizima vinapotupwa bure. Prosesa ya Intel Atom Z3735F, iliyotumika kwenye vishikwambi vingi vya bei nafuu vya kizazi cha Bay Trail, ni ya biti 64 na ina viini vinne. Ikiwa na GB 2 za RAM, bado inatosha kusomea, kuandikia na kuperuzi.

Kizuizi kiko kwenye UEFI, ile programu iliyochomwa kwenye bodi ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Vishikwambi hivi vilitoka kiwandani na Windows 8.1 ya biti 32, na Windows hiyo haiwashwi na UEFI ya biti 64. Basi watengenezaji wakaweka UEFI ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64. UEFI ya namna hiyo, ikifika kwenye folda ya EFI/BOOT, hutafuta faili liitwalo bootia32.efi. Flashi nyingi za Linux ya biti 64 zilibeba bootx64.efi peke yake. Kishikwambi kilikosa faili lake, kikaipita flashi kana kwamba ni tupu.

Kuongeza faili hilo, ambalo ni la GRUB, programu inayoianzisha Linux, kwenye flashi kunafungua mlango, lakini hakumalizi kazi. Keneli (moyo wa Linux) ya biti 64 nayo ilipaswa kujifunza kuzungumza na UEFI ya biti 32, vinginevyo Linux ingeshindwa kujiandikisha kwenye orodha ya mifumo ya kuwashwa. Uwezo huo uliingia katika keneli ya 3.15, mwaka 2014. Debian 8 ikaufuata mwaka 2015 kwa flashi ya usakinishaji iliyotambua mchanganyiko huu na kuweka GRUB ya biti 32 chini ya mfumo wa biti 64. Kuna wanaoshauri kusakinisha Linux ya biti 32 yenyewe ili kukwepa usumbufu. Siungi mkono: Debian 13, ya mwaka 2025, haitoi tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za Intel.

Kabla ya kuanza, zima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaozuia programu zisizotambuliwa kuwashwa, na chaji betri ijae. Tundu la USB mara nyingi ni moja, na ndilo la chaja pia. Utahitaji kebo ya OTG na habu ya kuunganisha flashi pamoja na kibodi, hivyo usakinishaji wote utategemea betri.

Skrini ya kugusa ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote. Vifaa vingi vilitumia chipu za Silead, ambazo hazihifadhi programu yake zenyewe. Draiva huzipakia upya faili la programu hiyo kila kishikwambi kinapowashwa. Faili hilo hutofautiana kati ya modeli na modeli, na likikosewa, kidole hugusa kushoto na alama ikatokea kulia. Hans de Goede, wakati akiwa Red Hat, alijenga ndani ya keneli orodha inayotambua modeli na kuipa vipimo vyake. Akaenda mbali zaidi. Kwa kuwa baadhi ya UEFI nazo hutumia skrini ya kugusa, nakala ya faili imo tayari ndani yake. Keneli ikafundishwa kuichukua humo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na kifaa cha bei rahisi akakichukulia kwa uzito.

Waifai ya Realtek RTL8723BS ilipata draiva ndani ya keneli mwaka 2017, na leo haisumbui kama zamani. Ikiwa kishikwambi kinaganda ghafla huku skrini ikiwaka, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa GRUB. Prosesa itazuiwa kulala usingizi mzito, kuganda kutapungua, na betri itaisha mapema zaidi. Chagua mazingira mepesi ya eneokazi kama Xfce au LXQt, kisha washa zram, inayobana data ndani ya RAM.

Kamera ni habari nyingine. Draiva yake imebaki kwenye sehemu ya majaribio ya keneli kwa miaka mingi. Anayekitegemea kishikwambi kwa simu za video asikihamishie Linux.