Kava Lililogeuka Bluu

Kwenye laibrari moja ya video pale Kyela mjini, si mbali na stendi, ukutani karibu na mlango kuna kava la Bongo Movie ambalo kila kitu ndani yake ni bluu. Steringi ana uso wa bluu. Gari aliloegemea ni la bluu, ghorofa lililo nyuma yake la bluu, na dada anayelia pembeni analia machozi ya bluu. Mara ya kwanza nilidhani aliyelitengeneza alikusudia hivyo, labda hadithi ni ya usiku. Kisha mama mwenye duka akalichomoa msumarini na kunionyesha ukingo wa kulia, mahali ambapo kava la jirani lilikuwa limelilalia miaka yote kama bati linavyolalia bati. Hapo palibaki utepe mwembamba, upana wa kidole kidogo, ambao jua halikuugusa. Ulikuwa na nyekundu ya jua linalozama, njano nzito kama ya embe bivu, na kipande cha mkono wa shati ambalo kumbe lilikuwa la kijani.

“Lilikuwa hivi lote, mwanangu,” alisema. “Hili ndilo lililokuwa linaita watu.”

Kava huchapwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi nyingine zote unazoziona ni hizo nne zilizopangwa kwa nukta ndogo mno. Jua likipiga mwaka hadi mwaka, njano na majenta hutangulia kufa, samawati na nyeusi hushikilia. Ndiyo maana picha za mitindo ya nywele zilizobandikwa nje ya saluni huishia bluu, na ndivyo lilivyopatwa kava hili. Halikupata doa wala kuchanika. Limefanya kazi mlangoni mpaka likachuja.

Siku mbili kabla nilikuwa Lyulilo, karibu na Matema, nikiwatazama akina mama wa Kikisi wakiuza vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa Ikombe na vijiji vya jirani, vikasafirishwa kwa mitumbwi vikiwa vimesetiriwa kwa nyasi visigongane. Mnunuzi hana haja ya kuambiwa lolote. Anakishika chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mlio, anapitisha kiganja kwenye ukingo. Chungu kinajisemea chenyewe. CD haina uwezo huo. Ukiishika mkononi inakuonyesha uso wako mwenyewe, basi. Iwe na kilio, ngumi, mapenzi au mzimu, sahani ni ileile. Maneno yote hayo kava ndilo linalopaswa kuyasema, tena kwa mtu aliyesimama na mfuko wa mchele begani na basi linakaribia kuondoka.

Enzi zile mzigo ulitoka Kariakoo. Ulipanda basi hadi Mbeya, ukapinda Uyole, ukapita Tukuyu kwenye ukungu na migomba, kisha ukateremka kwenye joto la ziwani. Kwanza zilikuja kanda za VHS ndani ya makasha ya karatasi ngumu, baadaye CD na DVD. Tangu *Girlfriend* ya George Tyson mwaka 2003, filamu zetu ziliacha kuwa kitu cha kusubiri kwenye televisheni zikawa kitu cha kubeba. Kutoka Kyela ziliendelea hadi Ipinda, Matema, na Kasumulu mpakani na Malawi. Palipokuwa na jenereta na deki palikuwa na kibanda umiza, na nje ya kibanda palikuwa na ubao wa chaki na makava mawili matatu yaliyobanwa kwa misumari. Mtoto asiye na hela ya kiingilio aliyasoma makava yale mpaka akaijua filamu nzima kichwani mwake. Nilikuwa mmoja wao. Baadhi ya filamu hizo nimekuja kuziona ukubwani, na ile niliyoitunga kwa kutazama kava bado inaishi pembeni ya ile halisi.

Sasa litazame kava lenyewe kama kazi ya fundi. Likikunjuliwa, kava la kasha la DVD lina upana wa milimita 273 na kimo cha 183. Katikati ya upana huo unapita mgongo wa milimita 14. Fundi asiyejua kazi huumaliza mchana wake wote kwenye uso wa mbele na kuusahau mgongo. Lakini laibrarini, ukuta ukishajaa, makasha husimamishwa rafuni, na kinachobaki kuonekana ni mgongo peke yake. Katika milimita 14 hizo unatakiwa kuingiza jina la filamu, namba ya sehemu, ikiwezekana na kichwa cha steringi kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Nimeona migongo iliyofanywa kwa ustadi wa ajabu: herufi nyeupe zenye kivuli cheusi chembamba, zikisomeka kutoka upande wa pili wa duka. Aliyezipanga alijua wazi zitasomwa wapi, na kwenye mwanga gani.

Halafu kuna mtihani wa Part 1 na Part 2. Filamu nyingi zilikatwa na kuuzwa kwa sahani mbili, kila moja na kasha lake. Makava mawili lazima yafanane ili mnunuzi ajue ni ndugu, lakini yasifanane kiasi cha mtu kufika nyumbani Mwaya na sehemu ya pili mbili. Wengine walibadilisha namba tu, na hao niliwahi kuwalaani. Waliokuwa mafundi kweli walibadilisha hewa ya picha. Kwenye ya kwanza dada anacheka, jua limewaka; kwenye ya pili uso uleule umegeuzwa upande, macho mekundu, anga limeiva kwa mvua. Ukiyaweka pamoja unapata hadithi nzima na hakuna siri iliyovuja.

Mtihani mwingine ni nyuso. *Devil Kingdom* ya mwaka 2011 ilimkutanisha Steven Kanumba na Ramsey Nouah wa Nigeria. Filamu ya namna hiyo humpa mtengeneza kava nyota wawili, kila mmoja na watu wake, ilhali karatasi ni ile ile. Nani akae kulia? Kichwa cha nani kipande juu kidogo? Wapenzi wa filamu walipima mambo haya kwa macho makali kuliko fundi cherehani. Mama yule anakumbuka ubishi wa vijana uliojaa kaunta nzima, mmoja akidai steringi amepunjwa kwa sababu bega lake limekatwa. Wala haukuwa upuuzi. Bega likikatwa, mtu huonekana mgeni ndani ya picha yake mwenyewe.

Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, mama alikusanya makava yote aliyokuwa nayo yenye uso wake akayapanga ukuta mmoja. Anasema watu waliingia, wakasimama kimya, wakatoka bila kukodi. Mwaka uliofuata stempu za kodi za TRA zikaanza kutakiwa kwenye kazi za filamu na muziki, na sahani orijino ikawa na alama nyingine ya kutafutwa na jicho. Wakati huohuo machinga walikuwa wakipitisha zile sahani za filamu ishirini ndani ya moja. Makava yake yalikuwa vichwa vilivyorundikana kama abiria wa daladala, bila muhtasari wala nafasi ya kupumua. Siyapendi. Filamu ishirini zilizorudishwa sokoni namna ile zilipoteza kila moja mlango wake.

Nilikwenda Kyela kwa sababu ya kurudishwa kwa aina nyingine. Mama ana makava kama mia tatu. Baada ya maji kumwingilia dukani masika moja, aliyatoa sakafuni akayatia kwenye viroba vya mchele, kila kiroba na kipande cha mkaa ndani kunyonya unyevu, akavitundika kwenye kenchi. Sahani nyingi zimekwaruzika hazisomi tena. Makava yapo. Kijana mmoja mwenye steshenari jirani, anayemwita “Mama” ingawa hawana undugu, amekuwa akiyachukua mawili matatu kila juma na kuyatengenezea nakala mpya kwa ajili ya sahani ambazo bado zinacheza.

Nilikaa naye alasiri moja. Huanza kwa kulifuta kava kwa pamba kavu, akipuliza vumbi badala ya kulisugua. Hulilaza kwenye skana likiwa limepinda kidogo makusudi, maana nukta za wino na macho ya skana zikilingana sawasawa hutokea mawimbi yasiyokuwepo. Huliskani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha hulinyoosha kwenye kompyuta na kulipunguza, nukta ziyeyukiane ziwe rangi tena. Mkunjo uliopita shavuni mwa mtu huuziba taratibu, akiazima ngozi kutoka shavu la pili. Macho hayagusi. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, “Baba, ukigusa jicho, anakuwa mtu mwingine.”

Kwa kava la bluu alikuwa na ule utepe mmoja tu wa ushahidi. Kutoka kwenye upana wa kidole alirudisha nyekundu ya anga zima. Njano aliipata kwenye ile kona yenye rangi ya embe bivu. Shati aliliweka kijani kwa sababu kipande cha mkono kilisema hivyo. Gari lilimshinda siku mbili, maana halikufika ukingoni, na hakutaka kubahatisha. Mwishowe alikuta picha ndogo ya gari hilo nyuma ya kava, sehemu iliyokuwa imeelekea ukutani miaka yote. Lilikuwa jeupe.

Alipolileta, duka likagawanyika. Mteja mmoja wa makamo, dereva wa bodaboda, alilipokea kwa mikono miwili akasema sasa ndiyo filamu yake imerudi. Msichana aliyekuja kukodi na mdogo wake hakukubali. Yeye amekua akiliona la bluu. Kwake filamu ile ni ya bluu, na hili jipya linamdanganya. Mwingine akashauri waache yote wachape sura kubwa ya steringi, kama vile vijipicha vya YouTube, vijana wavutike. Huyo wa tatu sikuweza kukaa kimya mbele yake. Kava lililotengenezwa upya linapaswa kumwezesha mtu aliyelipenda zamani kulitambua akiwa bado barabarani, na sura kubwa peke yake inafanana na sura kubwa nyingine zote.

Lakini msichana yule alinifikirisha. Kuna watu wazima ambao filamu ya Kihindi bila sauti ya Derek Mukandala, Lufufu, akiisimulia kwa Kiswahili chake, si filamu waliyoiona wao. Uganda, *Who Killed Captain Alex?* ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, ya mwaka 2010, imebaki duniani ikiwa na maneno ya msimulizi wake, VJ Emmie, juu yake, kwa kuwa nakala isiyo na sauti yake ilipotea. Ilipotolewa kwa Blu-ray Marekani, ilitoka na VJ wake, na watu wanaipenda hivyo. Kilichoongezwa njiani kikawa sehemu ya kitu chenyewe. Je, jua la Kyela halikuongeza chochote?

Hata kwenye kiroba kimojawapo nilikuta jina la *Nsyuka*, ile filamu ya kutisha ya Mussa Banzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dar es Salaam jina hilo linatisha kwa ugeni wake. Huku linatisha kwa sababu linaeleweka: kwa Kinyakyusa abasyuka ni wafu waliofufuka. Kava lilelile, herufi zilezile, na kila sehemu inalisoma kwa hofu yake.

Kampuni ya Uingereza iitwayo Arrow Video imejijengea jina kwa wakusanyaji kwa makava ya pande mbili: upande mmoja mchoro mpya, upande wa pili kava la zamani, na mwenye kasha anageuza atakavyo. Nilimweleza kijana. Hakunijibu, alikwenda kuchukua karatasi nzito isiyopitisha wino. Alichapa kava lenye rangi zilizorudi, akasubiri likauke, akaligeuza, na nyuma yake akachapa lile la bluu kama lilivyo, na tundu la msumari likiwa doa jeusi juu katikati. Alilikata kwa wembe na rula ya chuma. Mikunjo ya mgongo aliipitisha kwanza kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, karatasi isipasuke, kisha akaikunja kwa ukucha.

Msichana alikodi sahani ikiwa na upande wa bluu nje. Nakala ya pili aliyochapa kijana, jua jekundu na gari jeupe vikiwa nje, mama aliipeleka kwenye msumari uleule wa mlangoni. Nilimwomba aisogeze ndani kidogo, kwenye kivuli.

“Ndani nani ataliona?” alisema. “Watu wanapita hapa.”

Akalitundika, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama kama limekaa sawa, akalinyoosha kwa kidole kimoja. Jua la saa tisa lilikuwa limeshapanda kizingiti.