Saa za kazi ambazo Kanada haizihesabu

Vijana wengi wanaotoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwenda kusoma Kanada huamini kwamba kila zamu wanayofanya wakiwa chuoni inawasogeza karibu na ukaazi wa kudumu. Kanuni hazisemi hivyo. Mpango wa Canadian Experience Class ulianza mwaka 2008, na tangu Januari 2015 unaendeshwa kupitia mfumo wa Express Entry. Unamtaka mwombaji awe amefanya kazi ya ujuzi nchini humo kwa mwaka mmoja, ndani ya miaka 3 iliyotangulia ombi lake. Kazi aliyoifanya akiwa mwanafunzi wa muda wote haimo, hata ile ya mafunzo kazini iliyolipwa mshahara na kutakiwa na kozi yenyewe. Kujiajiri nako hakumo.

Ugumu wenyewe unaonekana ukishika kalenda. Mwaka mmoja hapa ni saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki 52. Saa zinazozidi 30 katika wiki hazihesabiwi, kwa hiyo anayejichosha kwa saa 60 hamalizi katika miezi 6. Atangoja miezi 12 sawa na mwenzake. Kibali cha kazi baada ya masomo nacho hutolewa mara moja tu. Kozi isiyofika miezi 8 haikipati kabisa. Ya miezi 8 hadi chini ya miaka 2 hupata kibali chenye urefu wa kozi, na ya miaka 2 au zaidi hupata cha miaka 3. Tangu Februari 2024 shahada ya uzamili pia hupewa miaka 3, hata ikiwa fupi.

Aliyesoma kozi ya mwaka mmoja, basi, ana kibali cha mwaka mmoja na anadaiwa kazi ya mwaka mmoja. Nafuu yake pekee ni kwamba akishamaliza masomo na kuwasilisha ombi la kibali, kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi muda wote huku akisubiri jibu. Akizitumia wiki hizo kusambaza wasifu wake, nafuu imeisha. Ndiyo maana naona kazi ya uanafunzi ina uzito mkubwa ingawa haihesabiwi: ndiyo inayoamua hesabu itaanza lini. Mwanafunzi wa uhasibu aliyekuwa akipanga hati za kodi katika ofisi ndogo, akajulikana na kuaminiwa, anaweza kuanza kazi ya ujuzi wiki ileile anayowasilisha ombi la kibali. Aliyeuza kahawa miaka yote hiyo anaanza kubisha milango.

Na si kila mlango unafaa. Kanada hupanga kazi kwa ngazi zinazoitwa TEER, kuanzia 0 hadi 5, na zinazokubalika hapa ni 0 hadi 3. Mpishi yuko ngazi ya 3. Anayehudumia kaunta ya chakula yuko ya 5. Kinachoniuma zaidi ni kazi ya kutunza wagonjwa na wazee, ambayo Waafrika Mashariki wengi huifanya. Msaidizi wa wauguzi katika hospitali au makao ya wazee yuko ngazi ya 3, tangu mpangilio mpya ulipoanza kutumika Novemba 2022. Anayemwogesha na kumlisha mzee yuleyule nyumbani kwake yuko ngazi ya 4, na mwaka wake wote mpango huu hauutambui. Mikono ni ileile, uchovu ni uleule. Kijana anapaswa kuambiwa jambo hili kabla hajasaini mkataba wa kwanza.

Katika alama za Express Entry za kushindania nafasi, mwaka wa kwanza wa kazi nchini humo humpa asiye na mwenzi alama 40, na wa pili humfikisha 53. Stashahada ya Kanada ya mwaka 1 au 2 huongeza alama 15. Umri nao unakula: baada ya miaka 29 alama zake huanza kushuka.

Kuna njia ya pili isiyosemwa sana. Mpango wa Federal Skilled Worker, ulio ndani ya Express Entry hiyohiyo, unaweza kuikubali kazi ya uanafunzi, mradi ililipwa, haikukatika, na iko katika ngazi 0 hadi 3. Saa 15 kwa wiki kwa miezi 24 zinatosha, nazo zinaenea ndani ya saa 24 anazoruhusiwa mwanafunzi nje ya chuo wakati wa muhula tangu Novemba 2024. Masharti mengine yapo: alama 67 kati ya 100 za mpango huo, mtihani wa lugha, na kwa wengi akiba benki. Ushahidi wake ni barua ya mwajiri yenye tarehe, saa kwa wiki, mshahara na majukumu halisi, kwa sababu afisa hupima majukumu na si cheo. Barua hiyo iombwe kwa meneja aliyekuona ukifanya kazi akiwa bado yupo.