Kabari ya Mbao na Datsun 240Z

Karibu kila anayejitengenezea Datsun 240Z ana kipande cha mbao gerejini mwake. Ni kabari iliyochongwa kwa mkono, ndefu ya kutosha kuzama ndani ya injini kutokea juu, na kichwani imetobolewa tundu la kupitishia kamba. Mgeni akiiona juu ya benchi atadhani ni taka. Mwenyewe hathubutu kufungua silinda hedi bila hiyo.

Sababu ni hii. Kamshafti ya injini ile huzungushwa na cheni, na cheni hukazwa na tenshena yenye springi, iliyojificha nyuma ya kava la mbele. Gia ya kamshafti ikitolewa, cheni hulegea, na springi huisukuma pistoni ndogo ya tenshena mpaka ichomoke. Ikishachomoka, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa: radieta itoke, feni itoke, puli itoke, kava la mbele lifunguliwe, na shughuli ya siku moja igeuke ya wiki. Lakini kabari ikishindiliwa katikati ya pande mbili za cheni kabla boliti ya gia haijaguswa, tenshena inatulia mahali pake. Hedi ikisharudi na kufungwa, kamba inavutwa, kabari inatoka, basi.

Ufundi wa magari ya spoti ya zamani umejengwa kwa maarifa ya aina hii, madogo, yasiyogharimu chochote, lakini yenye kuokoa injini nzima. Wanaomiliki magari hayo si lazima wawe wamesomea umakenika. Wengi wana kazi zao nyingine za mchana, na jioni ndipo huvaa ovaroli. Wanastahili sifa, na sababu kubwa ni moja: wamekataa kuendesha kitu wasichokijua. Gari wanalolipenda wanalifahamu kwa vipimo, kwa sikio na kwa ncha za vidole.

Na 240Z ni gari linalokubali kufahamika hivyo. Nissan, kampuni yenye chapa ya Datsun, ilianza kuliuza Japan mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani lilikofanya jina, Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya kampuni huko, hakulitaka jina hilo kabisa, na beji za Fairlady ziling'olewa zikawekwa za 240Z. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 3,526. Kwa fedha hiyo mnunuzi alipata injini ya silinda sita kwenye mstari mmoja, yenye ujazo wa cc 2,393 na nguvu za farasi 151, katika gari lenye uzito wa tani moja hivi, lenye springi na shokamzoba zinazojitegemea kila gurudumu. Magari ya Ulaya ya hadhi hiyo yaliuzwa ghali zaidi. Katayama aliishi hadi miaka 105, akafariki 2015, na mpaka uzeeni wapenzi wa gari hilo walimheshimu kama mzee wao.

Jambo ambalo wauzaji hawakulitilia mkazo ni nafasi. Fungua boneti, ambayo kwa gari hili hufungukia mbele, utaiona injini nyembamba, ndefu, imesimama peke yake. Plagi sita zimepangwa upande mmoja, kila moja inafikika kwa soketi bila kuondoa chochote. Distributa iko mbele, wazi. Kabureta mbili ziko upande wa pili. Hakuna kompyuta, hakuna plastiki ya kufunika. Kila kinachofanya kazi kinaonekana kikifanya kazi.

Chukua kazi ya kurekebisha tapeti, ambayo pengine ndiyo inayomfunza mtu zaidi ya zote. Injini huwashwa kwanza mpaka ipate moto wake wa kawaida, kisha huzimwa na kava la juu kufunguliwa. Ndani kuna vali kumi na mbili. Za kuingiza hewa huachiwa nafasi ya milimita 0.25, za kutolea moshi milimita 0.30, injini ikiwa ya moto. Injini inazungushwa kwa mkono mpaka nundu ya kamshafti itazame juu, mbali na roka. Hapo jani jembamba la chuma la fila geji linapitishwa katikati. Spana ya 17 inalegeza nati ya kufungia, ya 14 inazungusha kirekebishi. Jani linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo. Likipita huru, nafasi ni kubwa, na likigoma, ni ndogo.

Ugumu unaanza hapo. Nati ikikazwa, kirekebishi nacho husogea kidogo, na kipimo kilichokuwa sawa sekunde iliyopita kimeharibika. Unalegeza tena, unazungusha kidogo kupita unapotaka, unakaza, unapima. Chuma kina joto la kuunguza, oili inateleza, na injini inapoa huku ukihangaika, maana yake vipimo vya moto vinaanza kukuponyoka. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, na mwishowe huungua. Iliyolegezwa mno hugonga. Hakuna kipimo cha kubahatisha hapa. Atakayefika kwenye vali ya kumi na mbili bila kukata tamaa atafunga kava, atawasha, na kwa mara ya kwanza atasikia injini ikienda kama cherehani iliyopakwa mafuta. Sauti hiyo haiuzwi popote, hutengenezwa kwa subira.

Kabureta nazo zina elimu yake. Zilitengenezwa na Hitachi kwa kufuata muundo wa SU wa Uingereza. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopandishwa na mvuto wa hewa, na chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka. Sindano ikipanda, tundu la petroli hupanuka. Juu kuna kifaa kidogo cha kuzuia pistoni isirukeruke, nacho huhitaji oili, na wengi wameisumbua injini yao miezi mingi kwa kusahau oili hiyo peke yake.

Kabureta ya mbele hulisha silinda tatu, ya nyuma tatu. Moja ikivuta hewa kuliko mwenzake, injini hutetemeka na kunywa mafuta ovyo. Kuna vifaa vya kupimia, lakini mafundi wengi wa zamani hutumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Unasikiliza mvumo wa mbele, unahamia nyuma, unarekebisha skrubu mpaka mivumo miwili ifanane. Mchanganyiko wa petroli nao hupangwa kwa nati iliyo chini. Mahali pa kuanzia ni mizunguko miwili na nusu kushuka. Kisha pistoni inainuliwa kidogo sana kwa bisibisi nyembamba. Injini ikiongeza mwendo na kubaki hivyo, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, acha hapo hapo.

Ni kwa ujuzi huo wenye magari waliweza hata kusahihisha uamuzi wa kiwanda. Magari ya mwaka wa 1973 yaliyouzwa Marekani yaliwekewa kabureta za aina mpya, zenye vifuniko bapa, ili kutimiza sheria za moshi. Zilikuwa na tabu kwenye joto: petroli ilichemka, injini ikakohoa, gari likagoma kuwaka. Wenyewe wakazing'oa na kurudisha zile za mwanzo zenye vichwa vya mviringo, na mpaka leo kabureta hizo za mwanzo ndizo zinazosakwa. Walilijua gari vya kutosha kutambua kosa lilipo.

Kujitengenezea gari hakukuanza na Datsun, na kitabu chake mashuhuri kilianzia karibu na Afrika Mashariki kuliko watu wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1960, John Haynes alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyepangiwa Aden, bandari ambayo mabaharia wa mwambao wamekuwa wakiijua tangu enzi za majahazi. Rafiki yake mmoja alinunua gari dogo la spoti, Austin-Healey Sprite, likiwa hoi. Haynes alipotazama kitabu cha kiwanda aliona kimeandikwa kwa ajili ya mafundi wenye gereji kamili. Basi wakalifungua gari lile wenyewe, naye akapiga picha kila hatua. Mwaka 1966 akachapisha kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo, cha Sprite. Alifariki 2019, na kanuni yake ilikuwa ile ile ya Aden: anayetaka kuandika namna ya kutengeneza gari alifungue kwanza, alifunge tena, na aonyeshe kwa picha.

Lakini mahali ambapo spana na kasi zilikutana wazi zaidi ni katika Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, msimu wa Pasaka, vumbi na matope kwa pamoja. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews. Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, alilingana pointi na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi.

Katika Safari ya zama hizo gari lilitengenezwa kando ya barabara, na muda wa kulitengeneza ulihesabiwa ndani ya muda wa mbio. Fundi aliyebadilisha shokamzoba upesi alikuwa anashindana sawa na dereva. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa makenika kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano na wengine. Aliliendesha gari akijua kila boliti inavumilia nini.

Kuna uhusiano mwingine ambao mafundi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wangeutambua mara moja. Injini ya Datsun 1600 na ile ya 240Z ni za ukoo mmoja. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 kwa zote mbili, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 kwa zote mbili. Ya 240Z imeongezewa silinda mbili tu. Fundi aliyekuwa akirekebisha tapeti za Datsun ya abiria alikuwa tayari anajua kazi ya gari la spoti. Mikono iliyofunzwa kwenye gari la kawaida haikuhitaji ruhusa ya mtu kuligusa lililoshinda Safari.

Adui mkubwa wa gari hili hayuko kwenye injini. Ni kutu. Bati la miaka ile lilikuwa jembamba na kinga yake hafifu. Kutu huanza chini ya betri, ambako asidi hudondoka, huingia sakafuni chini ya mazulia, na hujificha chini ya kioo cha mbele, ambako majani huziba njia za maji. Mwenye busara huanza ukaguzi kwa bisibisi, anadonoa bati kabla ya kuitazama rangi. Kukata bati bovu, kukunja jipya, kulichomelea bila kulipinda, kisha kulipiga msasa, ni kazi ya miezi isiyoonekana ikiisha. Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi huu inayostahili heshima kuliko zote, na ndiyo inayopewa heshima kidogo kuliko zote.

Mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa Nissan wanaofufua magari ya historia kilirudisha katika hali ya kutembea 240Z ile ile iliyoshinda Safari ya 1971. Na tangu 2003 mashindano ya Safari Classic yanaleta magari ya zamani kwenye barabara za Afrika Mashariki, 240Z yakiwemo. Huko ndiko mahali pake. Januari 2020, 240Z moja ya 1971 iliuzwa Marekani kwa mnada wa dola 310,000. Bei kama hiyo inaliingiza gari kwenye chumba chenye kiyoyozi, ambako hakuna atakayechafua mkono kwa ajili yake. Gari lililouzwa rahisi ili watu wa kawaida waliendeshe na walitengeneze linapoteza nusu ya maana yake likifichwa hivyo.

Kwa hiyo, msomaji uliye na gari la spoti la zamani limefunikwa turubai, liwe Datsun, Alfa Romeo au MG, lifunue. Usianze na injini, hata kama ndiyo inayokuita. Liinue kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, wala usiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Anza na breki: mwaga mafuta yake ya zamani, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani, na badilisha mipira iliyopasuka. Kisha badilisha mipira yote ya petroli. Hayo yakikamilika, mwite kijana wa jirani anayependa magari, mpe fila geji, umwonyeshe vali ya kwanza.