Kanuni za Kujitungia na Mamlaka ya Mchezaji: Uhakiki wa Visa vya Dungeons & Dragons, 1974–1984

Mhakiki wa fasihi anapokutana na kitabu cha kisa cha Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza, huelekea kukisoma kama riwaya iliyoandikwa vibaya. Wahusika hawana historia, mandhari imekatwakatwa katika vyumba vyenye namba, na hitimisho halipo. Vigezo vya fani na maudhui vikitumiwa moja kwa moja hutoa hukumu ya haraka isiyo ya haki, kwa kuwa matini iliyo mbele ya mhakiki si kazi yenyewe bali ni maandalizi ya kazi. Kazi hutokea mezani: msimamizi wa mchezo anaeleza hali, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu zinaamua yale ambayo hakuna aliyepewa mamlaka ya kuyaamua. Istilahi za fasihi simulizi zinafaa zaidi, ingawa nazo zina mpaka wake. Fanani wa ngano huijua tamati ya ngano yake hata pale hadhira tendi inapomwitikia na kumdakiza; msimamizi wa mchezo huu, akiwa mwaminifu, haijui.

Makala haya yanashikilia kwamba kanuni au kisa cha kujitungia hakina budi kupimwa kwa maamuzi kinayowaachia wachezaji, wala si kwa wingi wa ubunifu uliomo katika maandishi. Kigezo hicho kinageuza daraja za baadhi ya kazi mashuhuri.

Mchezo wenyewe ni zao la kujitungia. Dave Arneson aliendesha ulimwengu wake wa Blackmoor huko Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kanuni alizozirekebisha kadiri wachezaji walivyomletea mambo mapya. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, alishirikiana naye, na matokeo yake yakawa vijitabu vitatu vilivyochapishwa mwaka 1974. Vijitabu hivyo vilikuwa na mapengo mengi, na viliwahimiza wasomaji wayajaze wenyewe. Kufikia mwaka 1979, katika kitabu cha msimamizi cha Advanced Dungeons & Dragons, Gygax huyohuyo alikuwa akisisitiza ulinganifu wa kanuni kutoka meza moja hadi nyingine. Ni rahisi kuliona badiliko hilo kuwa la kibiashara tu, na kwa sehemu ndivyo lilivyokuwa. Hata hivyo lilikuwa na msingi wa kifundi: kanuni moja ikiguswa, nyingine hutikisika, na anayeigusa mara nyingi haoni mtikisiko huo.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika kitabu cha kanuni za msingi kilichohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981. Humo mpiganaji huhitaji alama 2,000 za uzoefu ili apande kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Orki mmoja akishindwa huleta alama 10, ambazo bado hugawanywa miongoni mwa wachezaji. Kwa upande mwingine, kila sarafu ya dhahabu inayotolewa mahandakini salama huleta alama moja. Hesabu hiyo inatosha kueleza maadili ya mchezo mzima. Anayetaka kupanda ngazi kwa upanga pekee atahitaji orki 200 kwa ajili yake mwenyewe; anayetaka kupanda kwa werevu atatafuta njia ya kuwapita orki hao na kuondoka na sanduku lao. Mapigano, yanayochukua kurasa nyingi za kitabu, ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kufanikiwa. Hakuna mahali ambapo kitabu kinalihubiri jambo hili kwa urefu. Linasemwa na jedwali.

Kanuni nyingine zinaibeba hiyo. Mwenge huwaka kwa vipindi sita vya dakika kumi kumi, na kila baada ya vipindi viwili msimamizi hurusha dadu kuona kama zimwi lizururalo limetokea, uwezekano ukiwa moja kwa sita. Kwa hiyo kila mwenge mmoja una hatari tatu ndani yake. Zimwi hilo halina hazina ya maana, hivyo kukutana nalo ni hasara tupu. Kanuni ya mizigo, ambayo kitabu kinaihesabu kuwa ya hiari, inaweka kikomo cha uzito wa sarafu 1,600 kwa mtu mmoja. Mtu aliyepata dhahabu ya kumpandisha ngazi hawezi hata kuibeba yote kwa safari moja. Lazima achague: aache nyingine, aajiri wabebaji, au arudi tena katika giza lilelile.

Kanuni za kujitungia zilizoenea kuliko zote huanza kwa kuufuta utaratibu huu. Kuhesabu mienge kunachosha, kupima sarafu kunakera, na alama kwa ajili ya dhahabu zinaonekana kuwa jambo la kipuuzi, kwa maana utajiri haumfundishi mtu kupigana. Kila pingamizi, likichukuliwa peke yake, lina mantiki. Lakini dhahabu ikiondolewa na alama zikabaki kwa mauaji pekee, wachezaji hulazimika kuua. Mienge ikiondolewa, muda hauna gharama, na kila chumba hupekuliwa hadi vumbi la mwisho. Msimamizi aliyetaka hadithi zaidi hujikuta na vita zaidi, kisha huwalaumu wachezaji wake kwa ukatili. Toleo la pili la Advanced, la mwaka 1989, liliziweka alama za dhahabu miongoni mwa kanuni za hiari, na kwa hatua hiyo kilichokuwa marekebisho ya meza binafsi kikawa msimamo rasmi. Mbadala uliofaa ulikuwa kuuliza kwanza: kanuni hii inamfanya mchezaji atamani nini?

Katika utunzi wa visa, swali hilo hujibiwa kwa nafasi inayoachwa wazi. In Search of the Unknown cha Mike Carr kinatoa ramani na maelezo ya vyumba, kisha kinamkabidhi msimamizi orodha za mazimwi na hazina azipange mwenyewe. The Keep on the Borderlands cha Gygax, kilichofungashwa pamoja na kitabu cha Moldvay, kinawaacha wakazi wa ngome bila majina, wakijulikana kwa vyeo vyao, na kinaonyesha pango moja ambalo msimamizi anatakiwa kulitunga. Kama maandishi, ni kikavu. Kama chombo cha kuchezea, kina utajiri: makabila yanayoishi mapangoni yana uhasama baina yao, na wachezaji wanaweza kupigana, kuwagonganisha, au kuungana na upande mmoja.

Dragons of Despair cha Tracy Hickman, kilichofungua mfululizo wa Dragonlance mwaka 1984, kinasimama upande wa pili. Wahusika wamekwisha kuumbwa, wana mapenzi na majeraha ya zamani, na dunia yao ina historia. Kwa vigezo vya kawaida vya fasihi kingewekwa juu ya ngome ya Gygax. Lakini mfululizo huo unamwelekeza msimamizi kwamba mhusika muhimu akiuawa, kifo chake kiwe cha utata, ili aweze kurudi hadithi inapomhitaji. Kanuni hiyo inailinda hadithi dhidi ya watu wanaoicheza. Pale ambapo kifo kinaweza kufutwa kwa faida ya sura ijayo, ujasiri wa mchezaji hauna thamani, na dadu zinarushwa kwa heshima tu.

Isidhaniwe kwamba hadithi na uhuru ni maadui wa lazima. Hickman huyohuyo, pamoja na mkewe Laura, alikuwa amekwisha kutoa jibu bora mwaka 1983 katika Ravenloft. Kisa hicho kilianza nyumbani kwao kama mchezo walioucheza na marafiki wakati wa Halloween, kabla ya kuajiriwa na kampuni ya TSR. Mhusika mkuu, Strahd, ana huzuni na historia isiyopungua ya Dragonlance. Tofauti iko katika karata. Mtabiri anazipanga mbele ya wachezaji, na mpangilio wake unaamua silaha zimefichwa wapi, Strahd atakutwa wapi, na anakusudia nini. Msimamizi mwenyewe hapati jibu mpaka karata zigeuzwe.

Ravenloft kina kasoro. Ukungu wenye sumu unawazuia wachezaji kuondoka bondeni, na uzio huo ni wa nguvu kuliko wa hila. Hata hivyo, ndani ya uzio hakuna njia iliyoamriwa. Kundi linaweza kupanda ngomeni usiku wa kwanza likafa, au likakusanya silaha zote kwanza, au likamkuta Strahd kabla halijawa tayari, na hakuna kanuni iliyoandikwa ya kumwokoa yeyote kati yao.