Nani Alikuwamo Chumbani? Hadithi ya Kua na Insha Zetu za Chuoni

Kila anayeingia mwaka wa kwanza hukutana na kozi ya stadi za mawasiliano. Hapo hufundishwa, kwa Kiingereza, aya ni nini, sentensi kuu ikae wapi, na marejeo yapangwe vipi. Sina ugomvi na hayo. Wengi wetu tulitoka sekondari na insha za aina moja tu: utangulizi wa kukariri, "kwanza, pili, tatu", kisha hitimisho linalorudia utangulizi. Ugomvi wangu ni juu ya jambo moja, nalo ni ushahidi. Nitalijadili kwa hadithi ambayo sisi watoto wa Mafia tumelala nayo tangu utotoni, ya mji wa Kua.

Kwa asiyefika huko, Kua ni magofu yaliyoko kisiwa cha Juani, kusini mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Mafia. Kuna kuta za jumba la ghorofa, misikiti na makaburi, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa. Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mji huo mwanzoni mwa karne ya 19, na haukuinuka tena. Hiyo ni historia. Lakini mwulize mzee Kua ilikuwaje, aghalabu hataanza na Wasakalava. Ataanza na jahazi.

Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, waliunda jahazi wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha. Katikati ya sherehe waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, na jahazi likapitishwa juu yao hadi majini. Watu wa Kua walinyamaza. Miaka ikapita, nao wakaalika: kuna harusi, karibuni. Wageni wakaingizwa katika chumba cha chini ya ardhi, wakala, wakastarehe. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, hadi akabaki mzee mmoja anayewatumbuiza wageni. Huku nyuma mlango unajengwa kwa mawe. Hakutoka mtu, hata yule mzee.

Sasa hebu tuitazame kama wahakiki. Kwa fani, hadithi hii imesukwa kwa mialiko miwili inayofanana. Mpangilio wake wenyewe ni hoja. Kwa kuwa karamu ya Kisimani imetangulia, mauaji ya Kua yanakuwa jibu. Anza na harusi, uilete habari ya jahazi mwishoni kama maelezo, uone jinsi watu wa Kua watakavyogeuka wauaji kwanza na wafiwa baadaye. Hakuna tukio lililobadilika. Katika kozi tunaambiwa mpangilio husaidia "kueleweka". Kumbe mpangilio unahukumu pia!

Kisha, nani alikuwamo chumbani? Kushushwa kwa jahazi kulikuwa hadharani, pwani, watu wa miji miwili wanaona. Lakini walio ndani ya chumba wote walikufa. Tunajua mzee alibaki kwa kuwa waliotoka walimwacha humo. Baada ya hapo, kila neno linalotiwa kinywani mwake ni la msimulizi. Simlaumu msimulizi, hiyo ni kazi yake. Mwandishi wa insha ndiye anayepaswa kuuona mpaka huo, na hapa ndipo mafunzo yetu yanapopwaya.

Mwenzetu mmoja aliandika juu ya Kua, akataja kwamba kaambiwa na bibi yake. Insha ilirudi na wino mwekundu: chanzo? Akamwondoa bibi, akaweka habari za Mafia alizozikusanya Kadhi Amur Omar Saadi, zilizochapwa mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa tafsiri ya Kiingereza ya D.W.I. Piggott. Akapita. Jamani, kadhi naye alikusanya mapokeo. Mapokeo ya Waswahili yakavishwa Kiingereza, yakapigwa chapa, na leo Mswahili anayanukuu kwa Kiingereza ndipo asadikiwe. Na bado swali la chumbani halijaulizwa, si kwa bibi, si kwa jarida.

Sisemi wazee wasadikiwe tu. Bibi naye hakuwamo. Ninachodai ni kwamba "chanzo?" liwe swali kweli, lisiwe kijisanduku cha kujaza jina la kitabu. Wala si jambo geni kwetu. Pwani neno "chuo" lilikuwa la Kurani kabla ya kuwa la digrii, na aliyesoma kidogo huko amesikia habari ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani, na kila mmoja anachunguzwa kama ni mkweli na kama kweli walikutana. Linganisha na "inasemekana" zilizojaa katika insha zetu. Inasemekana na nani? Neno hilo limemfukia msemaji kama mlango wa Kua. Afadhali sana "nimeambiwa na bibi yangu, mtu wa Juani, naye aliambiwa na babaye". Hapo msomaji ana pa kushika, na ana pa kubishia.

Kufundisha insha kwa Kiswahili nako hakukuanza leo. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, na kilichapwa Johannesburg. Lakini hilo lina makala yake.

Napendekeza zoezi moja kwa walimu wetu. Wapeni mwaka wa kwanza hadithi ya Kua waiandike mara mbili, kwanza waanze na jahazi, pili waanze na harusi, na pembeni mwa kila sentensi waandike nani aliona. Watakapofika kwa yule mzee, kalamu zitasimama. Aya za siku hiyo ningependa kuzisoma, hata kama sentensi kuu zimekaa mkiani.