Wimbo wa Simu Usipite Mlango wa Gitaa

Mpiga solo anayejizoeza nyumbani jioni pale Endasak, chini ya Mlima Hanang, anahitaji dramu, besi na ridhim. Bendi haipo, lakini imo ndani ya simu. Kazi ni kuitoa humo isikike vizuri pamoja na gitaa, na njia inayomjia mtu haraka, yaani kuchomeka simu kwenye tundu la gitaa la amplifaya, ndiyo mbovu kuliko zote.

Tundu lile limetengenezwa kwa umeme mdogo mno wa pikapu. Simu iliyopandishwa sauti hutoa umeme mara kadhaa ya huo, hivyo hatua ya kwanza ya amplifaya hulemewa na sauti ikaanza kukwaruza. Halafu solo lako na wimbo vikipita njia moja, ukali unaouongeza kwa ajili ya solo unawapata waimbaji pia, na dramu ikigonga, gitaa linazama. Tena tundu hilo ni la mono. Plagi ya stereo ikiingia humo, upande wa kulia hunyamaza. Kama ridhim iliwekwa kulia, umeikosa.

Amplifaya nyingi ndogo za mazoezi siku hizi zina tundu la AUX. Hili huuruka ukali wa gitaa na kuupeleka wimbo mbele, karibu na hatua ya nguvu. Hapo mkwaruzo umekwisha, lakini spika ni ile ile, nayo ndiyo shida kubwa. Uzi mnene wa gitaa hutoa takriban Hz 82, na spika ya gitaa imekusudiwa kuanzia huko mpaka Hz 5,000 hivi, bila twita. Uzi mnene wa besi uko Hz 41. Ndiyo maana besi husikika nyembamba na matoazi kama yamefunikwa blanketi, hata ukizungusha vitufe vyote.

Kwa hiyo nasema wazi: gitaa lipite kwenye amplifaya, wimbo upite kwenye sabufa ya sebuleni. Viweke karibu, vielekee upande mmoja, na sabufa uipandishe kwanza, gitaa ulifuatishe. Wengine huogopa kuunganisha simu na sabufa kwa Bluetooth, wakisema huchelewesha sauti. Huchelewesha kweli, ila hapa haina madhara, kwa sababu unafuata unachokisikia na gitaa lako halipiti kwenye simu. Ucheleweshaji huumiza pale gitaa lenyewe linapopitishwa huko.

Wimbo wenyewe nao una mtego. Anayejifunza kwa Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz aliyefariki 1979, atakuta solo na ridhim vimeshikamana. Rekodi nyingi za dansi za enzi hizo ni za mono, wala huwezi kuliondoa solo kwa kuzima upande mmoja. Jifunze mkato wake polepole kwa kumfuata, kisha piga ridhim ya wimbo huo mwenyewe, irekodi kwa simu, uirudie kwenye sabufa. Hapo nafasi ya solo iko wazi, ni yako peke yako.

Kama umebakiwa na tundu la gitaa tu, ondoa ukali wote, shusha sauti ya simu, na tumia adapta ya kuunganisha pande mbili yenye rezista ndani. Lakini usinunue chochote kabla hujaijaribu sabufa iliyomo nyumbani.